SOMO LA SAYANSI: MIWANI YENYE KUIMBA



Juma lililopita tulikuwa tunajizoeza mbio barabarani. Mmoja wetu alivaa miwani nyeusi ya jua, na masikioni alitia vile vidude vya kusikiliza muziki. Pikipiki ikatoka nyuma, ikapiga honi, yeye hakusikia kitu. Mwenzake alimvuta kwa shati. Pikipiki ikapita karibu sana! Jioni tukaulizana: je, hakuna miwani ya mchezo yenye kutoa muziki bila kuziba masikio? Mwalimu wa fizikia akasema: "Tafuteni." Basi tulitafuta.

1. Ilianza namna gani?
Mwaka 2004, kule Marekani, kampuni ya Oakley ilianza kuuza miwani ya jua yenye chombo cha muziki ndani yake. Jina lake Thump. Haikuwa na kaseti wala diski. Nyimbo ziliingizwa kwa kamba toka kompyuta. Ya mega 128 iliuzwa dola 395, ya mega 256 dola 495. Tupige hesabu: wimbo wa dakika 4 unakula karibu mega 4. Basi 256 : 4 = 64. Dola 495 kwa nyimbo 64! Tena vidude vyake vilikaa palepale kwenye sikio. Mwaka 2019 kampuni ya Bose ikaleta namna ingine: vipaza sauti vidogo ndani ya mikono ya miwani, na sikio linabaki wazi.

2. Macho
Watu wengi wanafikiri kioo cheusi ndicho kinalinda jicho. Hapana. Jua liko na mwanga tunaouona, na mionzi ingine tusiyoiona, inayochoma jicho na kuweza kuleta mtoto wa jicho. Kioo cheusi kisichozuia ile mionzi ni kibaya: mahali pa giza mboni inafunguka, na mionzi inaingia zaidi. Miwani nzuri inaandikwa UV400. Na sisi wa milimani tuangalie: kila ukipanda metre 1000, ile mionzi inaongezeka karibu asilimia 10.

3. Masikio
Pikipiki ya kilometre 60 kwa saa inakimbia karibu metre 17 kwa sekunde. Ukiisikia ikiwa metre 50 nyuma yako, uko na sekunde 3 za kuondoka. Muziki ukikuficha mpaka ibaki metre 15, hata sekunde moja haitimii. Hapo ndipo mwenzetu alikuwa.

Tena kuna sikio lenyewe. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 saa 40 kwa juma. Kwa desibeli 90, saa 4 tu. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye nywele. Zikikufa, haziroti tena.

4. Basi tuseme nini?
Miwani ya sikio wazi ni bora kuliko ile ya kuziba, lakini haimalizi shida. Ukipandisha sauti sana, honi itazama vilevile. Sisi hatukatazi muziki. Tumepatana hivi: kiwanjani, ndiyo, kwa sauti ndogo, barabarani, hapana, hata kama miwani ni ya bei kali namna gani. Yule mwenzetu ndiye alikuwa wa kwanza kukubali.

Maswali
a) Kwa nini kioo cheusi peke yake hakitoshi?
b) Gari inakimbia kilometre 90 kwa saa. Unaisikia ikiwa metre 50 nyuma. Uko na sekunde ngapi?
c) Miwani ya mega 128 inabeba nyimbo ngapi za dakika 4?

Leteni majibu kwa kamati ya gazeti. Na nyumbani, muwaelezee wadogo wenu.