Kona ya Dada: Pesti Nzuri ni Ile Inayokaa

Juma hili kijana mmoja wa Nyali ameniletea swali, na najua si lake peke yake:

"Dada, nimenunua laptopu eksi-UK. Nikiingia darasa la Zoom, feni yavuma mpaka wenzangu waisikia, kisha mashine yawa nzito. Fundi mmoja aniambia nibadilishe pesti ya prosesa. Mwingine asema pesti haitoshi, nitie metali ya maji. Nishike la nani?"

Pole, mdogo wangu. Mafundi wako wote wawili wameruka hatua.

Kwanza ujue kazi ya pesti, maana watu wengi hudhani ndiyo inayopoza. Prosesa na bamba la shaba lililoilalia huonekana laini, kumbe vina mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na humo hukaa hewa. Hewa ni mbovu kwa kupitisha joto: kipimo chake ni kama wati 0.026 kwa mita kwa kelvini, na shaba ni karibu 400. Pesti nyingi nzuri zimeandikwa namba kama 4 hadi 12. Yaani zaishinda hewa mbali sana, na shaba yazishinda mbali vilevile. Pesti ni ya kuziba hiyo mianya tu. Ukiipaka nene, unazuia joto badala ya kulipitisha.

Kwa hiyo anza na vumbi. Laptopu hizi za eksi-UK zimeshatumika ofisini huko Ulaya kabla hatujaziona sisi. Mwambie fundi afungue mgongo, atoe feni, akuoneshe yale mapezi membamba pale hewa ya moto inapotokea. Mara nyingi utakuta vumbi na nywele vimeshikana kama kipande cha blanketi, hewa haina pa kupita. Huku kwetu karibu na bahari, hewa ya unyevu na chumvi hulifanya vumbi lizidi kuganda. Hapo hata pesti ya dhahabu haitakusaidia. Lisafishwe kwa brashi laini na bloa, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke ovyo. Msipulize kwa mdomo, mtaingiza mate.

Baada ya hapo ndiyo tuje kwenye pesti. Ile ya zamani ikiwa imekauka na inapukutika, muda wake umekwisha. Dukani, iwe ni papo hapo Nyali au umevuka daraja hadi Digo Road, utaoneshwa sirinji za kila aina, na muuzaji atakusomea namba. Usinunue namba. Laptopu nyingi za ofisini za miaka ya karibuni, akina ThinkPad, EliteBook na Latitude, zina prosesa za wati 15. Kwa joto dogo hivyo, pesti ya 8 na ya 12 zitapishana digrii chache mno.

Uliza itakaa muda gani. Prosesa ya laptopu iko wazi, haina kifuniko cha chuma kama zile nyingi za kompyuta za mezani. Kila ikipata moto na kupoa hutanuka na kusinyaa, na pesti nyepesi husukumwa pole pole hadi pembeni. Baada ya miezi, katikati pamebaki pakavu. Chagua iliyo nzito kidogo, na isiyopitisha umeme. Arctic MX-6 ni nzito kuliko ndugu yake MX-4, nayo Noctua NT-H1 haina neno. Ukipata karatasi ya Honeywell PTM7950 iliyo halisi, hiyo hulainika ikifika kama digrii 45 na haikimbilii pembeni upesi. Lakini bandia zipo tele, nunua kwa mtu unayemwamini.

Metali ya maji? Achana nayo. Ina galiamu, inayokula alumini, na inapitisha umeme. Tone moja likianguka kwenye mazabodi, umenunua laptopu mara ya pili. Na dawa ya meno, ambayo wengine huipaka badala ya pesti, ni ya meno tu, hukauka upesi.

Fundi akianza, simama hapo hapo. Pesti ya zamani ifutwe kwa isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kidonda mara nyingi huwa na mafuta ndani, huacha utando. Kiasi cha punje ya mchele chatosha, hakikisha tu uso wote wa prosesa umefunikwa. Zile pedi laini zilizo juu ya chipu nyingine zisitupwe na kupakwa pesti mahali pake, kwa sababu pale pengo ni pana. Kwenye bamba, aghalabu kando ya skrubu pamechapwa 1, 2, 3, 4. Zikazwe kwa utaratibu huo, kidogo kidogo, maana prosesa iliyo wazi hukatika pembe ikigandamizwa upande mmoja.

Na upime. Pakua HWMonitor au Core Temp, fungua kazi ileile, chumba kilekile, uandike joto kabla na baada. Prosesa nyingi za Intel za aina hii hujipunguza kasi zikikaribia digrii 100. Huo ndio uzito uliouhisi. Ila usijilinganishe na video za Ulaya. Wao wanapima kwenye chumba cha digrii 22, sisi wakati wa kaskazi, Machi hasa, tuna 32 bila kupenda. Digrii kumi za chumba huongezeka kwenye prosesa karibu zote, na hakuna pesti inayozifuta. Feni ya chumbani itakusaidia, na meza kavu pia. Laptopu isikae juu ya godoro, matundu ya hewa yako chini.

Basi la kumwambia fundi ni hili: "Safisha kwanza, nioneshe, kisha tupake." Akikataa usimame ukitazama, beba mashine yako utafute mwingine.

Wenu, Dada.