Lori Kuukuu Linapokataa Kuwaka

Lori la petroli la miaka ya 1990 likikataa kuwaka alfajiri, na mboga za sokoni zimekwisha kupakiwa, wenyewe wengi hulaumu sensa wakakimbilia kununua mpya. Haraka hiyo ina hasara.

Pimeni betri kwanza. Betri nzima ya volti 12, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi, stata izungushapo injini isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, yamkini betri imechoka. Isiposhuka, na stata yazunguka kwa uzito, tazameni kutu katika ncha za waya, pamoja na ule waya mnene uungao injini na chasisi, ambao husahauliwa sana.

Stata ikizungusha vema, angalieni fyuzi, kisha cheche na petroli. Vyote viwili vikikosekana, shukuni sensa ya krankishafti, kwa maana ndiyo iiarifuyo kompyuta kwamba injini inazunguka. Dalili yake nyingine ni injini kuzimika ikiwa na joto, na kuwaka tena ikipoa. Hata hivyo, fuateni waya wake mpaka mwisho: pengine ganda limeguguniwa na panya au limeunguzwa na injini, na sensa yenyewe ni nzima.