Itikadi: fundo la moyoni

Neno itikadi magazetini hufuatana na "kali". Asili yake ni Kiarabu, aqada, yaani kufunga fundo. Humo ndimo imetoka akdi ya ndoa, nasi husema kufunga ndoa. Neno aqida lenyewe halimo katika Qur'ani Tukufu, inayosema imani.

Nguzo sita za imani tulizikariri madrasa. Lakini katika Sahih Muslim, hadithi ya Jibril inatanguliwa na safari. Yahya bin Ya'mar na Humaid bin Abdurrahman walitoka Basra, ambako Ma'bad al-Juhani alikwisha kukanusha qadar, wakitarajia kumpata Sahaba wa kumuuliza. Wakamkuta Abdullah bin Umar akiingia msikitini, wakamweka katikati yao. Akajitenga na wakanushaji, kisha akawasimulia hadithi aliyoisikia kwa baba yake, Umar (r.a.).

Leo ndugu wa mwaka wa kwanza akiuliza kwa nini ahukumiwe ilhali yote yameandikwa, wapo wanaomnyamazisha kwa kumwita mpotevu. Mimi sioni msingi wa hilo. Ibn Umar alikuwa mkali kwa waliokanusha. Waliouliza aliwapa ushahidi. Darsa yetu ijayo naomba ianze na swali hilohilo la qadar.