Mwanangu anapanda treni, nami silali

*Mwanangu anasoma Dodoma na hurudi Kintinku kwa treni. Kila nikikumbuka ajali ya Igandu, silali. Aliyekosea alikuwa dereva au ni mitambo? — Mama, Kintinku*

Mama, hofu yako ina msingi. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani na kugonga ya mizigo. Watu 281 walikufa. Lakini kutafuta mkosaji mmoja hakutusaidii sana. Breki za treni huendeshwa kwa hewa inayopita kwenye bomba kutoka behewa hadi behewa. Koki moja ya bomba hilo ikifungwa katikati ya treni, mabehewa ya nyuma hayamsikii tena dereva. Ndiyo maana kuna ukaguzi kabla ya safari, breki za mkono, na taratibu za kusimama mlimani: kinga moja ikishindwa, nyingine ishike. Maafa huja zinaposhindwa kwa pamoja, mara nyingi baada ya dosari ndogo kuzoeleka.

Mwambie mwanao akae ndani, asining'inie mlangoni. Treni ikianza kurudi nyuma bila maelezo, asiruke. Amwite kondakta, ashike kitu imara. Nanyi wa Kintinku mkiona mvua imechimba tuta la reli, au vyuma vimeng'olewa, mwambieni mkuu wa stesheni papo hapo, hata usiku. Asipochukua hatua, waarifuni LATRA, ndio wasimamizi wa usalama wa reli.

Usingizi ukikukimbia kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya ukaeleze hivyo hivyo ulivyoniandikia.