Starlet inamisi ikikanyagwa

Swali: Nina Toyota Starlet GT Turbo ya 1992. Nimeongeza presha ya tabo, sasa ikifika mizunguko 5,500 inamisi. Chini ya hapo haina shida. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na plagi, ndugu yangu. Presha ikipanda ndani ya silinda, cheche hupata tabu kuruka, na koili yako ni moja kwa silinda nne. Kwenye mizunguko 6,000 hutoa cheche 200 kila sekunde. Muda wa kujaa chaji ni mfupi mno. Punguza mwanya wa plagi hadi 0.7 mm, upime kwa fila geji, si kwa macho. Kisha fungua kifuniko cha distribyuta. Ukiona mstari mweusi, mwembamba kama wa penseli, umeme unavujia hapo: badilisha pamoja na rota.

Bado? Sikiliza. Moto ukikatika, hupiga pa-pa-pa ghafla. Mafuta yakipungua, mara nyingi nguvu hufifia. Hili la pili ndilo linalonitia hofu, maana mafuta haba chini ya presha ya tabo hutoboa pistoni. Pima presha ya mafuta gari likiwa kwenye mzigo. Mpaka upate jibu, rudisha tabo kwenye presha ya kiwandani.