Punje Tisa Ndani ya Gunia

Nchi ikitaka kujua mfumo wake wa usalama wa chakula umepungukiwa na nini, jibu la haraka huwa mashine mpya ya maabara. Tuiweke mashine pembeni kwanza, tuanze na gunia la mahindi.

Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya maikrogramu 10 za aflatoksini, ile sumukuvu maarufu, katika kilo moja. Gunia la kilo 90, basi, lisizidi maikrogramu 900, yaani hata miligramu moja haifiki. Lakini kuvu inayotengeneza sumu hiyo, Aspergillus flavus, haienei sawasawa. Huivamia punje hii ikaiacha ya jirani. Punje iliyoathirika vibaya mno inaweza kubeba maikrogramu 100. Zikiwa tisa tu, gunia limefika ukomo, nalo lina punje zipatazo laki tatu.

Sasa mkaguzi anachoma bambo mara moja, anatoka na punje 300 hivi. Uwezekano wa kupata hata moja kati ya zile tisa haufiki asilimia 1. Mashine ikitoa jibu kwamba mahindi ni salama, haikudanganya: imepima ilicholetewa. Ndiyo sababu sampuli huchotwa sehemu nyingi, zikachanganywa na kusagwa pamoja, ndipo unga kidogo ukapimwa. Kinachohitajika hapo ni kinu kizuri na mtu mwenye subira. Bajeti huvisahau vyote viwili, maana hakuna waziri anayealikwa kuzindua bambo.

Na hayo ni mahindi yanayokutana na mkaguzi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafa. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shambani kwao, yaliyohifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu. Kuyapika hakukusaidia, kwa kuwa moto wa jikoni hauimalizi aflatoksini.

Kwa hiyo anayeutathmini mfumo wa usalama wa chakula aulize na yale yasiyoonekana maabara. Mahindi yalianikwa juu ya nini? Yaliingia ghalani unyevu ukiwa umeshuka hadi asilimia 13.5? Mganga wa zahanati akipokea wagonjwa watatu wa kijiji kimoja, wote macho ya manjano, anampigia nani simu? Na huyo anayepigiwa, akienda kuyachukua mahindi yenye sumu, anacho chakula kingine cha kuwaachia wenyewe, au atakuta yameshafichwa?