Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Tende Mdomoni



Juzi baada ya adhuhuri nilijinyoosha kwenye mkeka nipate kailula. Usiku tarawehe, kisha daku, alfajiri darsa. Mwili ulikuwa hauna kitu. Mama watoto akamlaza mdogo wetu wa miaka miwili na nusu pembeni yangu, akaenda kufua.

Unadhani alilala? Kwanza alinivuta ndevu. Nikajifanya sisikii. Akavaa kofia yangu, ikamfunika mpaka puani. Akanipanda mgongoni, akashuka. Kisha kimya. Wazazi mnajua, kimya cha mtoto mdogo si cha kukiamini. Lakini usingizi ulishanichukua.

Nikashtuka kuna kitu kitamu mdomoni. Tende! Kaichukua kwenye sahani ya futari, anaisukuma kwa kidole. Nikaitema, na kabla sijafikiri nikapiga kelele, mkono nikauinua. Sikumpiga, alhamdulillah. Lakini ule mkono alishauona. Akakimbilia nyuma ya pazia, akajikunja huko, hata kulia hakulia.

Mama yake akaja, akaniambia taratibu: "Baba watoto, si ndivyo unavyomfanyia wewe kila magharibi? Naye alikuwa anakulisha."

Maneno yale yalinichoma. Ni kweli, kila nikifuturu, kipande cha tende ya kwanza namtilia mdomoni. Yeye amejua kwamba ukimpenda mtu unampa tende. Alinirudishia wema, mimi nikamwinulia mkono. Na jioni ile nilipomnyooshea tende, alirudi nyuma kidogo, akautazama mkono kwanza.

Najua mtaniuliza hukumu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyelala akatiliwa kitu mdomoni bila hiari yake, saumu yake iko salama. Basi tende haikuniharibia saumu. Nilichokihofia ni ile hasira.

Kumbukeni Mtume wetu (s.a.w.) alivyosujudu akiwasalisha watu, mjukuu wake akampanda mgongoni. Akairefusha sijda mpaka watu wakadhani kuna jambo limetokea. Baada ya salamu akawaeleza kwamba hakupenda kumharakisha mtoto kabla hajamaliza haja yake. Ile ilikuwa sala ya jamaa, na mtoto aliachwa acheze. Mimi nilikuwa usingizini tu.

Tumefundishwa pia kwamba mfungaji akichokozwa aseme amefunga. Hilo tunalikumbuka sokoni na kwenye daladala, mbele ya watu wazima wenzetu. Tukifika nyumbani kwa mtoto asiyeweza kutujibu, tunalisahau. Na mtoto wa umri huu hajui saumu ni nini. Anaiga anachokiona. Leo ameiga tende. Akiuona mkono kila siku, kesho ataiga mkono.

*Ya kufanyia kazi leo:*

1. Sahani ya futari iweke juu, asipoifikia. Usimtegee mtoto mtego kisha ukamlaumu.
2. Kailula pokezaneni. Baba alale, mama amwangalie mtoto. Kesho baba amwangalie, mama alale. Yeye naye amefunga, tena ndiye anayeamka kupika daku.
3. Hasira ikipanda, kama umesimama, kaa. Kama bado ipo, jinyooshe.
4. Ukimkosea mtoto, mwombe radhi. Haikupunguzii heshima.

Jana magharibi nilikaa chini mbele yake, nikampa tende aishike yeye. Adhana ilipoanza nikafungua mdomo, nikasubiri. Akanitazama, akatazama mkono wangu uliotulia mapajani, kisha akaitia, na kidole chake juu. Akacheka. Ndiyo futari yangu tamu kuliko zote mwaka huu.

Ya Allah, zilainishe nyoyo zetu kwa watoto wetu, utusamehe tulipowatia hofu, na uzikubali saumu zetu. Aamin.

Tukutane tarawehe, inshaallah. Mtumie na mzazi mwenzako.